Ayuki Juu ya Pate: Namna ya Kuitafuta na Kuitumia Nyota Capella Ukiwa Lamu

Huku Lamu kaskazini haitafutwi kwa dira, kwa sababu kila msikiti unaielekea. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu, imepinda kuelekea magharibi kwa nyuzi mbili na nusu tu, na mtoto wa mtaa wa Mkomani akiambiwa "upande wa kibla" hageuki mara mbili. Taabu huanza usiku ukiwa nje ya mji: mashuani, au juu ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako hakuna mihrabu ya kukusaidia. Ile nyota ya kaskazini wanayoisoma wanafunzi vitabuni, Polaris, haitufai. Tuko nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta, na kwetu sisi Polaris imejificha chini ya upeo wa macho usiku kucha, mwaka mzima.

Inayotufaa ni nyingine, nayo watu wengi wanaiona kila msimu wa Kaskazi bila kuijua. Wataalamu wanaiita Capella. Mabaharia wa Kiarabu waliiita al-Ayyuq, nami hapa nitaiita Ayuki kwa sababu ulimi wetu unaikubali. Kwa mtu aliye Lamu, nyota hii inachomoza kaskazini-mashariki, inapanda hadi kusimama kaskazini hasa, yaani juu ya kibla, kisha inazama kaskazini-magharibi. Haikosei hata usiku mmoja. Nitaeleza jinsi ya kuipata, jinsi ya kuhakikisha kwamba hujaifananisha, na jinsi ya kuifanyia kazi. Vitu vya kununua ni vichache, na vingi unavyo nyumbani.

Saa zake

Nyota haifuati saa ya ukutani. Kila usiku hutangulia kwa dakika 4 kuliko jana yake, ambazo kwa wiki ni karibu nusu saa na kwa mwezi ni muda wa saa mbili. Ukikariri hilo huhitaji programu ya simu. Saa ninazotoa hapa nimezipigia hesabu kwa tarehe 10 ya kila mwezi, ukiwa Lamu:

Julai huchomoza saa 10:20 alfajiri. Agosti saa 8:20 usiku. Septemba saa 6:20 usiku. Oktoba saa 4:20 usiku. Novemba saa 2:20 usiku. Desemba saa 12:20 jioni, jua likiwa ndiyo kwanza limezama.

Kuanzia hapo swali si inachomoza lini, bali inasimama juu ya kibla lini. Desemba ni saa 6:15 usiku, Januari saa 4:13, Februari saa 2:11. Machi husimama hapo kabla giza halijaingia, kwa hivyo utaikuta tayari imeanza kuteremka kushoto, na itazama kama saa 6 usiku. Aprili huzama saa 4 usiku, Mei saa 2 usiku. Mwisho wa Mei mwanga wa jua unaimeza, na karibu Juni nzima hutaiona.

Ongeza nusu saa kwa ukungu wa bahari. Nyota ikiwa imegusa upeo wa macho huioni. Ingoje ipande kidogo.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Machi. Si kwa sababu ya saa peke yake: ndiyo miezi ya Kaskazi, mbingu husafishika, na masika haijaja kuziba kila kitu. Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha kila mwaka. Upepo wa Kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, na Ayuki inapoanza kuchomoza mapema jioni inatokea upande huohuo. Desemba ukiielekea inapopanda, upepo unakupiga usoni. Wazee wetu wana msemo wa kundi la nyota la Kilimia, kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ayuki haina msemo wa namna hiyo niujuao mimi, lakini ingestahili wake.

Pa kusimama

Mjini hapafai sana. Ukikaa gatini unaielekea Manda, taa za barabara ya pwani ziko nyuma yako na taa za mashua ziko mbele, na macho hayazoei giza. Si kwamba Ayuki haitaonekana. Ni nyota ya sita kwa mwangaza katika anga lote la usiku, taa za Lamu hazina nguvu ya kuizima. Lakini zile nyota ndogo utakazozihitaji kuihakikisha zitapotea.

Juu ya dari ya nyumba mjini panafaa kuliko gatini, ikiwa jirani hajaweka taa kubwa kwenye ukuta wake. Pazuri zaidi ni juu ya vilima vya mchanga nyuma ya Shela. Ukiwa juu unaona juu ya mikoko ya Manda, ambayo ni kisiwa cha chini, na mbele yake, upande huohuo wa kaskazini-mashariki, ndiko kiliko kisiwa cha Pate. Kwa hivyo kwa lugha ya nyumbani: Ayuki inachomoza upande wa Pate. Anayetaka kuiona inapozama, kuanzia Machi hadi Mei, aende upande wa Matondoni, ambako mbele yake ni maji na mikoko ya bara.

Usiku wa giza, usio na mwezi, ndio bora. Lakini usiku huo ndio wa bamvua vilevile, na anayetembea kutoka mjini kwenda Shela kwa njia ya pwani ajue maji yanajaa saa ngapi kabla hajatoka, asije akarudi na kikoi mabegani. Usiende vilimani peke yako. Nenda na mtu, mwambie mwingine nyumbani uko wapi, na vaa nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Usiku wenyewe

Hatua ya kwanza ni macho. Ukifika, zima simu na tochi, kaa dakika 20 hadi 30 bila kuangalia mwanga wowote. Watu wengi wanaruka hatua hii, kisha wanasema nyota za siku hizi zimepungua. Ukihitaji mwanga, funika tochi kwa karatasi ya nailoni nyekundu, ile ya kufungia zawadi, mikunjo miwili au mitatu. Mwanga mwekundu hauyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Hatua ya pili ni kujifunza kupima kwa ngumi. Nyoosha mkono kabisa, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi yako hapo ni kama nyuzi 10 za mbingu. Kidole kidogo peke yake ni nyuzi 1. Vidole vitatu vya kati vikishikana ni nyuzi 5. Jijaribu: anzia upeo wa macho, panda ngumi juu ya ngumi mpaka utosini. Ukihesabu tisa, ngumi yako ni sahihi. Ukipata nane au kumi, jua tofauti yako na uifanyie hesabu. Mtoto naye anaweza, maana ngumi yake ni ndogo lakini na mkono wake ni mfupi.

Hatua ya tatu ni kupata alama za kukuongoza. Tuchukue usiku wa katikati ya Desemba, saa 3 usiku. Geukia mashariki. Karibu ngumi nne juu ya upeo wa macho utaona nyota tatu za mwangaza sawa, zimepangana karibu karibu kama shanga tatu kwenye uzi. Huo ni ukanda wa kundi la nyota la Orioni, na hata asiyejua nyota yoyote huutambua akionyeshwa mara moja. Ukanda huu huchomoza mashariki hasa, kwa hivyo umepata mashariki bila kuuliza mtu. Sasa geuka kushoto, nusu ya njia ya kwenda kibla. Nyota inayong'aa kuliko zote upande huo, ikiwa kwenye urefu wa karibu ngumi tatu, ndiyo Ayuki.

Njia ya Januari ni tamu zaidi, na ndiyo ninayoipenda kufundishia. Kando ya ukanda wa Orioni, upande mmoja kuna nyota nyekundu-nyekundu, Betelgeuse, na upande wa pili kuna nyeupe inayoelekea buluu, Rigel. Imetokea kwamba Rigel na Ayuki ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kiasi kwamba Rigel hufika kileleni dakika mbili au tatu tu kabla ya mwenzake. Hapa Lamu Rigel inapita karibu kabisa na utosi. Kwa hivyo lala chali kwenye mchanga, miguu ukiielekeza kibla. Rigel ikiwa juu ya paji lako la uso, teremsha macho kuelekea vidole vya miguu kwa ngumi tano na nusu. Utaikuta Ayuki imesimama peke yake, ngumi nne na kidogo juu ya upeo wa macho. Tarehe 10 Januari hiyo ni saa 4:13 usiku, katikati ya mwezi ni kama saa 3:55.

Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi la mizigo, hakuwa na jina la nyota hii. Aliielekeza kwa kidole tu, kama mtu anavyomwelekeza jirani. Mimi nililijua jina lake nikiwa mtu mzima, na hata sasa nikiwa naye baharini silitaji.

Kuhakikisha hujaifananisha

Nilimpeleka mpwa wangu Shela mwezi wa Novemba, mwaka wa kwanza nilipoanza kuyafuatilia mambo haya, nikamwonyesha kwa kujiamini nyota kubwa iliyokuwa chini, karibu na maji. Nikamweleza habari yake yote. Baada ya nusu saa nyota yangu ikazama badala ya kupanda. Mpwa wangu hakusema neno, aliniangalia tu. Ilikuwa nyota nyingine, Vega, nami nilikuwa nimeelekea magharibi ya kibla badala ya mashariki yake.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya Novemba, kwa sababu kati ya saa 2:45 na saa 3:15 usiku nyota hizi mbili ziko chini wakati mmoja, moja kila upande wa kibla: Vega inazama kushoto, Ayuki inapanda kulia. Mwangaza wao ni karibu sawa kabisa. Kwa kipimo cha wanajimu wa sayansi Vega ni 0.03 na Capella 0.08, tofauti ambayo jicho haliioni. Zinatofautiana kwa rangi. Vega ni nyeupe yenye ubuluu, Ayuki ina manjano. Ukiziangalia kwa zamu, kulia kushoto, tofauti inajitokeza.

Rangi hiyo inahitaji subira. Nyota ikiwa chini, hewa nzito ya baharini inaichezesha, na utaiona ikimweka nyekundu, kijani, buluu, kwa haraka haraka. Wapo waliodhani ni ndege inayotua Manda. Usiihukumu rangi mpaka imepita ngumi mbili. Hapo ilinganishe na Rigel kwanza, kisha na Betelgeuse. Ayuki iko katikati: si baridi kama ya kwanza wala si kaa la moto kama ya pili. Wenye darubini ya macho mawili waiharibu makusudi: zungusha kirekebishi mpaka nyota ivimbe iwe duara dogo lenye ukungu. Rangi ikitanda hivyo jicho linaisoma vizuri zaidi kuliko ikiwa nukta kali.

Je, kama ni sayari? Hapa una bahati. Sayari zote zinazoonekana kwa macho hufuata njia ya jua, na hakuna hata moja inayofika kaskazini kiasi hicho. Chochote kinachong'aa kwa utulivu mashariki au utosini kinaweza kuwa Mshtarii au Zuhura. Kilicho chini ya ngumi tatu, nusu ya njia kati ya mashariki na kibla, hakiwezi.

Alama ya mwisho ni ile ninayoiamini kuliko zote. Pembeni mwa Ayuki, kwa umbali wa vidole viwili au vitatu, kuna nyota tatu hafifu zilizofanya pembetatu nyembamba. Jina Capella ni la Kilatini, maana yake ni mbuzi jike mdogo, na hiyo pembetatu ndiyo watoto wake. Ayuki ikiwa ndiyo kwanza imechomoza, watoto wako juu yake upande wa kulia. Ikiwa imesimama juu ya kibla, wako juu yake kushoto. Vega haina pembetatu ya namna hiyo. Ukimwona mbuzi na watoto wake, umefika.

Kuifanya dira

Katika dira ya nyota ya mabaharia wa Kiarabu, yenye alama 32, alama za upande wa mashariki zilitajwa kwa nyota zinazochomoza hapo na za magharibi kwa nyota zinazozama hapo. Alama ya kaskazini-mashariki ni matla ya al-Ayyuq, yaani mahali inapochomoza, na ya kaskazini-magharibi ni mahali inapozama. Kwa hesabu ya leo, kutoka Maskati nyota hii huchomoza kama nyuzi 38 kutoka kaskazini, wakati kaskazini-mashariki hasa ni nyuzi 45. Kutoka Lamu ni nyuzi 44. Alama ya mabaharia wale inatukaa sisi vizuri kuliko inavyowakaa watu wa Maskati! Sababu ni ikweta: kadiri unavyoikaribia, nyota huchomoza zikipanda wima, badala ya kupanda zikiwa zimelala ubavu.

Kwa matumizi, hiyo maana yake ni hivi. Katika muda wa saa ya kwanza Ayuki hupanda kama ngumi moja, na karibu haisogei upande. Baada ya muda wa saa mbili imeshapanda ngumi mbili na imevutwa kuelekea kaskazini kwa nusu ngumi tu. Kwa hiyo ikiwa chini ya ngumi mbili, ichukue kuwa ni kaskazini-mashariki na usijisumbue. Ikishapita hapo, achana nayo kama dira mpaka ifike kileleni. Huko juu inasafiri kwa ulalo, na kati ya ngumi mbili na nne haikuelekezi mahali pa maana.

Kileleni utajuaje? Kwa Rigel utosini, kama nilivyosema, au kwa kuipima mara tatu kila baada ya robo saa: ikiwa haipandi wala haishuki, ndipo. Hapo teremsha mstari wa wima kutoka kwenye nyota hadi kwenye upeo wa macho. Tumia timazi, ile ya fundi wa kujenga, au mshipi wenye chubwi ulioushika mkononi. Usitegemee jicho tupu kwa wima. Ngumi nne juu, jicho hudanganya. Mahali mshipi unapogusa upeo wa macho ni kaskazini, na kibla iko kushoto ya hapo kwa vidole viwili hivi vidogo. Kwa swala, bado nitamsikiliza imamu kabla ya nyota. Lakini aliyekwama mchangani na betri ya simu imekwisha hajakosa la kufanya.

Kupima uko wapi

Sehemu hii si lazima, ila kwa mwenye watoto wa shule nyumbani ni mchezo mzuri wa usiku wa Ijumaa.

Chukua kipimapembe cha mwanafunzi, kile cha nusu duara. Bandika mrija wa soda kwa selotepu kwenye ukingo wake ulionyooka. Katikati ya ukingo huo, kwenye tundu dogo, funga kipande cha mshipi chenye chubwi chini yake. Ukikosa chubwi, nati yoyote inatosha. Geuza kipimapembe upande wa duara uwe chini. Chungulia nyota ndani ya mrija, acha mshipi utulie, kisha mwenzako aubane kwa kidole na asome namba. Vipimapembe vina namba za pande mbili. Soma ile iliyo chini ya 90.

Fanya hivyo Ayuki ikiwa kileleni. Namba utakayoipata ni umbali wake kutoka utosini. Toa 46, kwa sababu nyota hii iko nyuzi 46 kaskazini ya ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Kinachobaki ni latitudo yako kusini mwa ikweta. Lamu utasoma kama 48, ukitoa unabaki na 2. Malindi ni 49, Mombasa ni 50, Zanzibar mjini ni 52. Kismayu, karibu na ikweta, ni 46 na kitu kidogo.

Usivunjike moyo ukipata 47 au 49. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na Lamu na Malindi zinapishana kwa nyuzi moja hivi. Ukiteleza kidogo umeshajipeleka Malindi ungali umekaa Shela. Pima mara kumi, jumlisha, gawa kwa kumi. Upepo ndio adui mkubwa, maana unautikisa mshipi. Kaa nyuma ya kilima, au zamisha chubwi kwenye kikombe cha maji ili itulie.

Unachokitazama

Ile nukta moja ya manjano ni nyota mbili. Jicho haliwezi kuzitenganisha, na darubini za kawaida haziwezi, kwa hivyo usimpe mtu pesa kwa ahadi hiyo. Iligunduliwa mwaka 1899 na watu wawili kila mmoja kivyake, W. W. Campbell katika kituo cha kutazamia nyota cha Lick kule California na H. F. Newall wa Cambridge, kwa kuupasua mwanga wake na kuona mistari ya nyota mbili ikipishana mbele na nyuma. Mwaka 1919 na 1920, kwenye mlima Wilson, California, J. A. Anderson aliupima umbali kati yao kwa kuunganisha miale ya mwanga. Ilikuwa mara ya kwanza njia hiyo kutumika kwa nyota pacha.

Pacha hawa huzungukana kila baada ya siku 104. Umbali kati yao ni kama robo tatu ya umbali wa dunia na jua, na wote wawili ni majitu: mmoja ana upana wa karibu mara 12 ya jua, mwingine karibu mara 9. Kila mmoja ana uzito wa jua mbili na nusu hivi, na anatoa mwanga zaidi ya mara 70 ya jua letu. Kwa joto la uso, mdogo wa upana yuko karibu sawa na jua, na mkubwa amepoa kidogo. Ndiyo maana zina manjano: rangi ya nyota hufuata joto la uso wake, kama chuma cha mhunzi kinavyobadilika kutoka wekundu hadi weupe.

Majitu ya manjano ni machache mbinguni, na sababu yake inavutia. Pacha hawa walikuwa nyota nyeupe, moto zaidi. Nyota huishi kwa kuigeuza haidrojeni ya moyoni kuwa heliamu. Haidrojeni hiyo ikiisha, moyo hujibana, na tabaka za nje huvimba na kupoa. Njiani kutoka weupe kwenda wekundu hupita kwenye manjano, na hupita upesi. Mmoja wa pacha yuko katikati ya safari hiyo hivi sasa. Mwenzake ameshatulia akichoma heliamu. Umri wao ni kama miaka milioni 600 tu, wakati jua lina bilioni 4.6 na bado halijafikia hapo. Nyota nzito hula akiba yake haraka.

Umbali wao kutoka kwetu ni miaka 43 ya nuru. Mwanga utakaoingia jichoni mwako Januari ijayo ulitoka huko miaka ya themanini mwanzoni, wakati ambapo wengi wa wasomaji wa maneno haya walikuwa hawajazaliwa.

Ukiikosa

Ukitoka Desemba na usiione, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: umetoka mapema mno, ikiwa bado ndani ya ukungu wa upeo wa macho, au umesimama mahali ambapo mnazi au ukuta wa jirani umeziba upande wa Pate. Subiri muda wa saa moja, au sogea. Wingu la Kaskazi halikai, hupita. Ukitoka Aprili ukakuta wingu zito la masika, rudi ukalale.

Na aliyeikosa msimu mzima anayo nafasi nyingine ambayo wavuvi wanaijua zaidi. Katikati ya Julai, karibu na adhana ya alfajiri, atoke aelekee upande wa Pate saa 11 asubuhi kabla mashariki haijawa nyeupe. Kusi itakuwa ikimpiga kutoka ubavu wa kulia na kisogoni. Kati ya mapengo ya mawingu, kama ngumi moja juu ya mikoko ya Manda, itakuwepo.